Sura ya Tisa: Nati Zilizorudishwa

Mista Hartley alifungua mlango wa banda kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, na kabla Baudouin hajavuka kizingiti alikuwa ameshamhukumu mtu.

"Kufuli nzima. Mnyororo mzima. Dirisha hata moja halijaguswa. Sasa niambie wewe, kama si mlinzi ni nani?"

Baudouin Kalenga hakumwambia. Alikuwa inspekta wa polisi kule Lubumbashi miaka kumi na tisa, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili akiwahangaikia wageni wenzake hapa Durban, katika chumba kilicho juu ya saluni pale Warwick. Alishajua kwamba mkubwa aliyekwisha kupata jibu haoni raha kuulizwa swali. Alivua kofia akaingia.

Banda lilikuwa mtaa wa Jacobs, katikati ya kiwanda cha rangi na yadi ya malori. Ndani ilisimama injini ya mvuke, nyeusi tii, ndefu kuliko nyumba ya mtu wa kawaida. Waliiita Namba Nne. Ilivuta makaa ya mgodi wa Hlathini, kule juu kaskazini, miaka na miaka. Mgodi ulipofungwa wakubwa wake walibeba walichotaka, injini wakaiacha kwenye majani kama ng'ombe mgonjwa. Watu wa kujitolea ndio walioichukua, wakaileta hapa, wakaunda chama cha kuhifadhi reli za makaa. Kila Jumamosi walikuwa wakisugua na kupaka mafuta. Mwenyekiti wao, huyu Hartley, alionekana siku za kupigwa picha, na aliwaahidi wanachama kwamba injini itakwenda makumbusho.

Jumatano, yaani jana, Hartley alileta wageni. Wakafunua turubali. Filimbi haipo. Valvu mbili za usalama hazipo. Saa ya mvuke, ile ya kupimia nguvu yake, haipo, kibao chenye jina la mgodi hakipo. Vyote vya shaba. Jioni hiyo hiyo polisi wakamchukua mlinzi, Mrundi aitwaye Pierre-Claver Nduwayo. Kesho Ijumaa saa tatu asubuhi anasimamishwa mahakamani.

Alfajiri ya leo mkewe Godelive alikuwa mlangoni kwa Baudouin, mtoto mgongoni.

"Papa Inspekta, Pierre-Claver hata sukari ya kazini haonji. Karatasi yetu ya ukimbizi inaisha mwezi huu. Akiandikwa mwizi, wataifanya upya?"

"Hawataifanya, Mama Iteka."

"Basi tumekwisha."

Ndiyo maana Baudouin alikuwa hapa, akimsikiliza mtu anayenukia sabuni ya bei mbaya.

"Funguo ziko ngapi?" aliuliza.

"Tatu. Mimi, katibu, na mlinzi. Nimeapa hivyo polisi."

"Na mlinzi yuko hapa siku zote?"

"Usiku na mchana. Isipokuwa Jumamosi mchana, anakwenda kusali. Msabato." Hartley alitazama simu. "Sikiliza, bwana. Polisi wamesema hakuna kutoa hata msumari humu mpaka kesi iishe. Nina mambo ya kufanya. Akikiri kesho, imekwisha. Mwambie akiri, ni mara yake ya kwanza, watamhurumia."

"Atakiri kitu gani, kama hajui?"

"Nyinyi mnajuana."

Baudouin alipanda juu ya injini. Alipanda polepole, goti la kushoto lilikuwa halimtii siku hizi. Pale valvu ya kwanza ilipokuwa, bolti sita zilikuwa zimesimama duara. Aliinama, akavaa miwani.

Kila bolti ilikuwa na nati yake.

Aligusa moja kwa kidole. Ikazunguka laini, bila spana. Kidole kikatoka na grisi mpya. Aligusa ya pili, ya tatu. Alihamia kwenye valvu ya pili, kisha kwenye filimbi. Hali ilikuwa ile ile: kitu kimeondoka, nati zimerudi nyumbani, zimepakwa grisi. Ndani ya kibanda cha dereva, pale saa ya mvuke ilipofungwa, kulikuwa na bolti nne na nati tatu. Bolti moja tu ilikuwa uchi. Alipiga picha zote kwa simu.

Akiwa huko juu aliona kitu kingine. Mistari ya rangi ya njano, ya kupulizwa kwa kopo, ilizunguka boila sehemu tatu.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ukaguzi," alisema Hartley haraka. "Mambo ya kitaalamu."

"Na hii mashine anaitunza nani?"

"Watu wa kujitolea. Wengi wameacha. Kuna mzee mmoja, Ladi... Ladislaus. Mtanzania. Alikuwa fundi huko mgodini, huyo anakuja bado."

"Ana ufunguo?"

"Nani, yule?" Hartley alicheka kidogo. "Yule ni mtu wa kujitolea tu."

Hilo halikuwa jibu. Baudouin aliliandika hivyo hivyo lilivyo.

*

Shaba ikipotea kusini ya Durban, mtu wa kwanza kuulizwa ni mnunuzi wa chuma chakavu. Baudouin alimwendea Ameir pale Clairwood, nyuma ya maghala, ambako malori hupanga foleni tangu asubuhi mpaka roboti, zile taa za kuongozea magari, hazina maana tena. Ameir alikuwa Mzanzibari, mwenye tumbo na ulimi mwepesi.

"Inspekta! Leo nimekosa nini? Wallahi hata sijanywa chai."

"Hujakosa. Tazama picha hizi, uniambie kama mali hii imepita kwako."

Ameir alifuta mikono kwenye kanzu ya kazi akashika simu. Alitazama, akakuza picha kwa vidole, kisha akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mwizi kakurudishia nati? Basi kesho atakuja kukufagilia na uwanja!"

"Cheka, lakini nieleze."

"Kaka yangu, mwizi wa shaba namjua kama mwanangu. Anakuja na nyundo na msumeno. Anapiga, anang'oa, anachoma. Shaba inanifikia hapa imekunjamana kama kitambaa. Na nati nazo ni chuma, anazitia gunia lile lile. Aliyefanya hivi alikuwa na muda, na mwanga, na spana ya saizi yake. Na wala hakuwa na haraka ya kuuza. Kwangu haijapita. Nimewapigia wenzangu wawili tangu jana, polisi walikuja kabla yako. Haijapita kokote."

Baudouin alisogeza picha nyingine. "Na hii mistari?"

Kicheko kikakatika. Ameir alirudisha simu polepole.

"Hapo kakuambia nini mwenye mali?"

"Ukaguzi."

"Ukaguzi wa mazishi, labda. Hapo ndipo gesi ya kukatia inapopita. Mkataji huja siku moja kabla au mwezi kabla, anachora, ili kila kipande kiingie kwenye lori. Mistari mitatu, vipande vinne, malori mawili." Alishusha sauti. "Nimesikia kuna banda Jacobs limeshauzwa kwa watu wa malori, na kwamba iko kazi kubwa ya kukata kesho baada ya mchana. Sikujua ni hiyo. Kuna watu hapa wanaikodolea macho."

"Hartley anawaambia wanachama inakwenda makumbusho."

"Itakwenda. Kwa mafungu."

Baudouin aliketi ndani ya gari lake bila kuwasha. Kwa dakika kumi alimshika Hartley mikononi kama mwizi wake, na alimfaa sana. Hartley ana ufunguo. Hartley anauza mali ya watu kimya kimya. Injini ikivuliwa, Hartley anasema, jamani, haina kitu tena, makumbusho hawaitaki, tuikate. Na mlinzi mgeni yuko tayari kubebeshwa, kama ilivyo desturi ya wakubwa wote, wa hapa na wa kwetu: kitu kikipotea juu, wanaanza kutafuta chini.

Lakini nati zilimkatalia. Mikono ya Hartley ilikuwa laini kama ya padri. Na mtu anayetaka injini ionekane mfu haipaki grisi. Aliyevua vitu hivi alivivua kama mama anavyomvua mtoto nguo, akijua atamvika tena. Alivivua mchana, siku ya Jumamosi mlinzi akiwa kanisani. Akafunika turubali.

Aliwasha gari, akarudi Jacobs.

*

Mzee Ladislaus alikaa chumba kimoja nyuma ya gereji ya kunyoosha mabodi ya magari. Baudouin alimkuta nje, kwenye meza ya mbao, amevua pampu ya maji ya majirani waosha magari. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, ovaroli ya bluu imepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kalia hiyo ndoo. Wewe si wa huku."

"Lubumbashi. Naitwa Baudouin. Nafanya uchunguzi kidogo juu ya Namba Nne, wameniambia wewe ndiye mwenye kuijua."

"Nani kakuambia?"

"Mista Hartley."

"Amekumbuka jina langu?"

"Nusu."

Mzee alicheka bila sauti. Mikono yake haikusimama. Alifungua kifuniko cha pampu, akakiweka pembeni juu ya gazeti. Kisha, kabla ya kugusa kitu kingine, alichukua nati ya kwanza akairudisha kwenye bolti yake. Kwa kidole. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akachovya kidole kwenye kopo la grisi akazipitia zote.

Baudouin alikuwa na maswali matano mfukoni. Aliyaacha humo.

"Mzee, mbona unazirudisha? Si utazitoa tena?"

"Nitazitoa. Lakini ndivyo tulivyofundwa. Tabora, karakana ya reli, mwaka sabini na moja. Mkubwa wetu wa mafunzo akikuta nati yako chini, anaipiga teke kwenye majivu, unashinda siku nzima unaichakura, na wenzako wanakuimbia. Nati na bolti zimezoeana. Ukizichanganya kwenye kopo, kesho zinakataana, uzi wa bolti unakufa."

"Mafundi wote wanafanya hivyo?"

"Waliobaki? Hawa vijana wanamwaga tu kwenye ndoo, hiyo hiyo uliyokalia." Akamtazama. "Umekuja kujifunza ufundi?"

"Kidogo. Kule kwenye injini nimekuta kitu kinanisumbua. Kuna bolti moja haina nati yake."

"Ya tatu, upande wa dereva," alisema mzee. "Uzi wake umekwisha. Nachonga..."

Mikono yake ikasimama juu ya pampu. Ndani ya gereji mtu alikuwa akigonga bati, kwa, kwa, kwa, halafu naye akaacha.

"Sikusema ni ipi, mzee," alisema Baudouin taratibu.

Ladislaus aliweka spana chini. Alifuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akaanza tena kutoka mwanzo.

"Nilichukua kwa Jumamosi tatu," alisema. "Kwenye kikapu cha chakula. Ufunguo alinipa Hartley mwenyewe, mwaka wa kwanza, kwa sababu alichoka kuamka asubuhi kunifungulia. Amesahau. Mtu kama mimi ukimpa ufunguo ni kama umeutundika ukutani." Alinyanyua macho. "Umeiona ile rangi?"

"Nimeiona."

"Nilimuuliza. Akanijibu ukaguzi. Mimi! Pale Hlathini, mgodi ulipofungwa, nimesimamia kukatwa injini tatu kwa amri yao. Nilizichora kwa mkono huu. Zahanati nayo wakaifunga wiki hiyo hiyo, daktari akapakia virago na makarani. Mke wangu alikuwa na pumu. Tulimbeba kwa toroli ya reli mpaka barabara kuu, hatukufika. Siku ya kumzika, dereva aliiwasha Namba Nne bila ruhusa ya mtu, akapiga filimbi tangu tunatoka mpaka udongo wa mwisho. Wakubwa walimkata mshahara. Sasa, filimbi ile niiache ikauzwe kwa kilo?"

Aliingia chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Vyote vilikuwamo, vimefungwa kwenye vitenge vya kike vilivyopauka, kila furushi na kikaratasi chake: valvu ya kushoto, valvu ya kulia, saa ya mvuke, kibao. Filimbi ilikuwa imelala juu kabisa.

"Nilijua watasema wezi," alisema mzee. "Durban wezi si wamejaa? Wangesema wezi, wangeandika kikaratasi, basi. Hakuna wa kuumia."

Baudouin alivua miwani.

"Mzee, kuna mtu ameumia. Wamemkamata Pierre-Claver. Jana jioni."

"Pierre-Claver yupi?"

"Wa getini."

"Huyu anayenichemshia chai?" Mzee alikaa juu ya kitanda kama aliyesukumwa. "Huyu mwenye mtoto mchanga? Kwa nati zangu mimi?"

"Kesho saa tatu yuko mahakamani. Akiandikwa, karatasi yake imekwisha, na mke wake, na watoto. Polisi wanafunga maelezo leo, saa kumi. Sasa hivi ni saa nane na nusu."

Ladislaus alikunja upya kitenge cha filimbi. Baudouin hakumharakisha. Aliyajua mahesabu yanayopita kichwani mwa mtu wa umri ule: seli ya sakafu ya saruji, kifua, miaka iliyobaki. Aliwahi kuona watu wenye miaka thelathini wakishindwa kuyamaliza.

"Na injini?" aliuliza mzee mwishowe. "Wanaikata lini?"

"Walipanga kesho baada ya mchana. Lakini polisi wamekataza kutoa hata msumari bandani mpaka kesi iishe. Ndiyo maana Hartley ana haraka ya mtu kukiri."

"Mpaka kesi iishe."

"Ndivyo alivyosema."

"Aa," alisema mzee. Akasimama, akabadilisha ovaroli kwa suruali ya Jumapili, akatia kitu kidogo mfukoni, akashika mpini mmoja wa sanduku. "Shika upande wa pili. Lina uzito."

*

Sajini wa zamu alikuwa mama wa makamo, amechoka, kikombe cha chai kimempoa mbele. Baudouin alizungumza Kiingereza, mzee akachanganya Kizulu cha mgodini, wakaelewana. Sajini alifungua vitenge kimoja kimoja juu ya kaunta, akilinganisha na orodha. Alipofika kwenye filimbi alisema, "Eish, baba," akaiweka chini kwa mikono miwili.

Hartley aliitwa. Alifika kwa dakika ishirini, na alipomwona Ladislaus uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha usumbufu, kama mtu aliyekuta kiti kimehamishwa.

"Huyu? Huyu ni mtu wa..."

"Wa kujitolea, ndiyo," alisema sajini. "Anasema ulimpa ufunguo. Kwenye kiapo chako umeandika funguo tatu."

"Nilisahau."

"Umesahau ufunguo wa nne, umekumbuka Mrundi." Sajini alichukua kalamu. "Baba, umeiba vitu hivi?"

"Nimevivua. Nati zote nimezirudisha."

"Kwa nini?"

"Muulize huyo bwana rangi ya njano iliyo kwenye boila ni ya nini. Na banda amemuuzia nani. Na wanachama wanajua?"

Sajini aliandika yote, polepole, kwa herufi kubwa. Hartley alitazama kalamu ile ikienda. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akavuta tabasamu kutoka mahali fulani.

"Tusikilizane," alisema. "Vitu vimepatikana. Mzee ni mtu wetu. Sina haja ya kesi. Nafuta malalamiko, kila mtu aende nyumbani, sawa, sharp?"

Baudouin alihisi mabega yake yakishuka. Ilikuwa imekwisha, Pierre-Claver anatoka, mzee anatoka. Alimgeukia Ladislaus kumwambia.

Mzee alikuwa anatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Mimi sijafuta. Mama, andika kwamba nimechukua vitu vya watu bila ruhusa, Jumamosi tatu, na nakiri. Andika na tarehe. Kesi iwepo."

"Mzee," Baudouin alimshika mkono, akasema kwa Kiswahili, "umemsikia? Anakuachia. Twende."

"Nikienda, kesho mchana wanawasha gesi."

Hartley hakuelewa maneno, lakini alielewa kitu. "Anasema nini? Mwambie nimefuta. Nimeshafuta!"

Sajini alimtazama mzee, akatazama filimbi, akamtazama Hartley muda mrefu kuliko wote.

"Mtu amekiri mbele yangu," alisema. "Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kufuta au kutofuta ataamua yeye, na yeye ana majalada mpaka dirishani. Wiki mbili. Labda mwezi. Mpaka hapo, banda limefungwa na kila kilichomo ni ushahidi. Ukigusa, bwana, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Mwezi mmoja. Baudouin alihesabu kichwani watu wa kupigiwa: wanachama walioacha kuja, ofisi ya urithi wa taifa, mwandishi wa gazeti aliyewahi kumsaidia mara moja. Mwezi haukutosha, lakini ulikuwa mwezi.

Walimtoa Pierre-Claver kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshika suruali kwa mkono, viatu vimelegea bila kamba. Askari alimpa bahasha ya kaki. Ndani yake mkanda, kamba za viatu, Biblia ndogo. Akafunga mkanda, akatia Biblia mfukoni, akainama kufunga viatu, na alipoinua kichwa alimwona mzee kwenye benchi la upande wa pili, naye ameinama, anavuta kamba za viatu vyake, moja, halafu nyingine, anazikunja vizuri.

Ladislaus alimwita Baudouin kwa kidole, akamtilia kitu kiganjani. Nati. Mpya, ya kuchongwa kwa tupa, bado ina harufu ya chuma.

"Ya tatu, upande wa dereva. Siku wakikufungulia banda. Kwa mkono tu, usitumie spana."

"Mzee Ladi?" Pierre-Claver alikuwa amesogea, anamtazama yeye, anaitazama bahasha, haelewi. "Mbona uko hapa? Unafanya nini na wewe?"

Mzee aliichukua bahasha ile ile, akazitia kamba zake ndani, akampa askari, akasimama.

"Nimekuja kukupokea zamu," alisema. "Nenda nyumbani, mama watoto anakungoja."